Wakia Mbili za Siagi: Kumbukumbu za Maduka ya Rochdale

Ndugu msomaji, wengi wanaojaliwa kufika Uingereza hutamani kuuona mji wa London, na wakirudi hutusimulia habari za mto Thames, majumba ya wafalme na mabasi mekundu ya ghorofa. Sina ugomvi nao. Lakini leo niruhusu nikuchukue hadi mji mwingine kabisa, mji usiouzwa katika kadi za picha, uliolala chini ya vilima vya Pennine huko kaskazini, mwendo mfupi wa treni kutoka Manchester. Jina lake ni Rochdale. Sikwenda huko kutazama kasri wala makumbusho ya vita. Nilikwenda kutazama duka.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1983. Wakati huo nilikuwa karani wa ushirika katika wilaya moja ya kahawa. Vyama vikuu vya ushirika nchini mwetu vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imevirudisha, hivyo watu wa kuanza upya walihitajika. Nikapata bahati ya kupelekwa kwa miezi michache kwenye Chuo cha Ushirika cha Stanford Hall, karibu na mji wa Loughborough, mahali walipopita Waafrika wengi wa kazi yangu. Likizo ya Krismasi ilipofika, sisi wanafunzi wa mbali tuligawanywa katika nyumba za wanachama wa ushirika ili tusibaki peke yetu mabwenini na ile baridi. Mimi nikaangukia kwa mama mmoja mjane wa Rochdale.

Stesheni ya Rochdale iko juu kidogo ya mji. Ukitoka nje, jambo la kwanza litakalokutana na macho yako ni kuba kubwa la kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambalo kwa umbo lake ungedhani limehamishwa kutoka Istanbul likawekwa hapo kwenye mvua. Na mvua yenyewe si kama hii yetu ambayo hupiga bati kwa ghadhabu kisha ikaondoka. Ni mvua nyembamba, isiyo na sauti, ambayo huanza asubuhi na kuendelea mpaka mtu asahau kwamba inanyesha. Kutoka hapo unaikuta barabara ya Drake Street, nayo inateremka polepole, maduka huku na huku, hadi katikati ya mji. Huko chini ndiko uliko mto Roch, ingawa mwaka ule nisingeuona hata kwa darubini: wazee wa mji walikuwa wameufunika kwa zege tangu mwanzoni mwa karne, magari yakapita juu yake. Nilivuka mto bila ya kujua kwamba nimevuka.

Rochdale ulikuwa mji wa sufu kwanza, kisha wa pamba. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba alipokuwa mtoto, mtu akisimama kilimani asingeweza kuzihesabu dohani za viwanda kwa wingi wake, na kwa moshi wake. Nilipofika mimi nyingi zilikuwa zimeangushwa. Uingereza nzima wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 wasio na kazi, na katika mji wa viwanda jambo hilo halikuhitaji takwimu. Ungeliona kwa vijana waliosimama mchana kutwa chini ya paa za maduka, mikono mifukoni. Kilichobakia cha enzi ya utajiri ni ukumbi wa mji, uliofunguliwa mwaka 1871, jumba la mawe lenye madirisha ya vioo vya rangi na picha za wafalme. Mnara wake wa kwanza uliungua moto mwaka 1883, nao wakaujenga mwingine wenye saa, urefu wake futi 190. Ni jengo zuri, sikatai. Lakini nililipita haraka kama mtu anayempita tajiri njiani, kwa heshima na bila mazungumzo.

Duka nililolifuata liko kwenye kilima cha upande wa pili, katika njia iitwayo Toad Lane. Maana yake ni Njia ya Chura. Wenyeji watakuambia kwamba chura hahusiki hapo hata kidogo; kwamba hayo ni matamshi tu ya watu wa Lancashire, ambao humeza nusu ya kila neno, na kwamba asili yake ni Njia ya Kale. Mwaka 1983 njia yenyewe ilikuwa imebaki kipande kifupi cha mawe. Sehemu iliyobaki ilikuwa imemezwa na barabara pana na jengo kubwa la maduka ya kisasa. Katika kipande hicho, nyumba namba 31 ni ghala la zamani la matofali. Ukiingia utakuta chumba cha chini, kaunta, mizani na mapipa. Basi, hivyo tu. Mwenzangu mmoja kutoka Asia, tuliyefuatana naye siku hiyo, alinong'ona: "Ndiyo hili?"

Ndilo hilo, ndugu msomaji. Mwaka 1844 watu 28 wa mji huu, baadhi yao wafumaji wa flaneli na wengine mafundi, walichanga peni mbili tatu kwa juma hadi wakafikisha pauni 28, pauni moja kwa kila mtu. Wakapanga chumba hicho kwa pauni 10 kwa mwaka. Jioni ya tarehe 21 Desemba, usiku ulio mrefu kupita mwingine wowote wa mwaka kwa nchi zile, wakafungua milango. Inasimuliwa kwamba vijana wa viwandani walikusanyika nje kuwacheka, maana vitu vilivyokuwamo ndani vilihesabika kwa kutupa jicho mara moja. Kwa vipimo vyetu vilikuwa hivi: siagi kilo 13 hivi, sukari kilo 25, unga wa ngano kilo 300, gunia moja la unga wa uji, na mishumaa. Gharama yake yote ilikuwa pauni 16, shilingi 11 na peni 11.

Mimi niliyewahi kuhesabu mali ya duka la kijiji usiku kwa kibatari, nilisimama mbele ya orodha ile kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu chochote kingine huko Uingereza. Kilo 25 za sukari! Hiyo ni robo ya gunia letu la wakati ule. Tumewahi kupokea zaidi ya hapo tukalalamika.

Ili uelewe kwa nini watu wale walijitia katika taabu hiyo, hapana budi ujue maduka yalivyokuwa katika siku zao. Mwenye duka aliweza kuchanganya chokaa katika unga na mchanga katika sukari. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa yakauzwa tena. Na aghalabu mnunuzi hakuweza kwenda kwingine, kwa kuwa jina lake lilikuwa katika daftari la madeni. Au alilipwa mshahara wake, sehemu au wote, kwa vitu vya duka la tajiri wake mwenyewe. Mtu mwenye deni hana ulimi wa kusema kwamba unga una chokaa. Kwa hiyo wale 28 waliweka masharti yao: bidhaa safi, mizani kamili, malipo ya taslimu, na ziada itakayopatikana irudishwe kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Katika mkutano kila mwanachama kura moja, awe na hisa chache au nyingi, awe mwanamume au mwanamke. Mwaka 1846 mwanamke, Eliza Brierley, aliandikwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe, miaka 36 kabla ya sheria ya mwaka 1882 kumpa mke wa Kiingereza mamlaka kamili juu ya mali yake. Kufikia mwaka 1860 wanachama walikuwa 3,450, na ghorofani juu ya mapipa ya unga palikuwa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti.

Kanuni hizi tulizikariri sisi sote tuliopita katika mafunzo ya ushirika, na jina la Rochdale tulilitamka kabla ya kujua liko upande gani wa ramani. Lakini kuna jambo moja ambalo vitabuni hupitwa kwa haraka, nami nililipata kwa mwenyeji wangu. Sharti la taslimu liliwaokoa wengi, ila mkata kabisa, yule asiye na peni mpaka Ijumaa, hakuweza kununua ushirika. Alibaki na duka la kona na daftari lake. "Shangazi yangu," aliniambia mama yule, "hakuwahi kuingia ushirika maisha yake yote. Si kwamba hakupenda. Aliona haya."

Mama huyo alizaliwa katika mtaa uleule tuliokaa, mtaa wa nyumba zilizounganika ukuta kwa ukuta, kila moja na mlango unaofungukia barabarani. Jioni alikuwa akiketi mbele ya moto wa gesi, mimi nikiwa na koti ndani ya nyumba kwa aibu yangu yote, naye akianza kuniongoza dukani, katika duka ambalo lilikuwa limekwisha kubomolewa. Nami sasa nakuongoza wewe kama alivyoniongoza.

Unapoingia, alisema, unaipokea kwanza harufu: kahawa, jibini, nyama ya nguruwe ya chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Sakafu imemwagiwa unga wa mbao. Kaunta mbili ndefu, na mbele ya kaunta kiti cha wazee. Siagi imekuja katika pipa, nayo inakatwa kwa waya, kisha inapigwapigwa kwa vibao viwili mpaka iwe tofali dogo. Sukari inapimwa na kutiwa katika karatasi ya buluu inayokunjwa kwa ustadi bila gundi, na msichana mpya hufundishwa kuikunja majuma mawili kabla ya kuaminiwa. Biskuti zilizovunjika zina bati lake, na watoto hulijua. Fedha haikai kaunta. Inatiwa katika kijaluba cha mbao, kinaning'inizwa kwenye waya juu ya vichwa vya watu, muuzaji anavuta kamba, nacho kinaruka mpaka kwa keshia aliyeketi katika kibanda chake cha juu kama mwadhini. Kisha kinarudi na chenji na kikaratasi. Watoto walitumwa dukani kwa furaha kwa ajili ya kijaluba kile tu.

Juu ya kikaratasi kiliandikwa namba. Kila nyumba ilikuwa na namba yake ya ushirika, na mtoto aliijua kabla hajajua siku yake ya kuzaliwa, maana akiisahau mbele ya kaunta gawio la mama yake lingekwenda kwa jirani. Siku za kulipwa gawio, foleni ilifika nje ya mlango, na wiki ile mtaa mzima ulipata viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya soli ya mbao iliyopigwa chuma, na asubuhi, watu wakienda viwandani kabla ya mapambazuko, sauti yake barabarani ilikuwa kama ya jeshi. Ushirika uliwauzia viatu, makaa, mkate na maziwa. Ulimzika baba yake pia.

Kulikuwa na jambo lingine lililonifurahisha mno. Wanawake wa viwanda vya kufuma walifanya kazi katika kelele ambayo mtu asingeweza kusikia hata akipigiwa ukelele sikioni. Kwa hiyo walijifunza kusema kwa midomo bila sauti, na kusomana midomo ng'ambo ya mitambo. Ustadi huo walikuja nao dukani. Habari za mimba, za ulevi wa waume na za madeni zilivuka kaunta kimya kimya, mbele ya wanaume wasioelewa neno. Mama yule alinionyesha. Alisema sentensi nzima kwa midomo tu, nami sikuambulia kitu, akacheka mpaka akafuta machozi. Hakukubali kunitafsiria.

Usije ukadhani kwamba mji wote ulikuwa ushirika. Palikuwa na maduka ya utumbo, maduka ya viatu vya mbao, vibanda vya njegere nyeusi zinazoliwa kwa siki, na maduka ya samaki na chipsi yasiyo na idadi. Mwimbaji Gracie Fields, ambaye kwa Waingereza wa wakati wa vita alikuwa kama alivyokuwa Siti binti Saad kwa watu wa pwani, alizaliwa mwaka 1898 katika mji huu, juu ya duka la samaki la bibi yake, Molesworth Street. Nami nilikula samaki wa Rochdale, wamefungwa katika karatasi, wakitoka moshi mkononi, na nakiri kwamba kwa dakika kumi baridi ile ilinisamehe. Muuzaji alinikabidhi akasema, "Haya, mpenzi." Nilishtuka. Nikatazama nyuma yangu. Baadaye nilielewa kwamba huko mwenye duka humwita kila mteja mpenzi, hata likiwa pande la mtu lenye ndevu.

Kwenye kona ya mtaa wetu palikuwa na duka la Mpakistani. Baba huyu alikuwa amekuja miaka ya 1960, kama wenziwe wengi, kufanya zamu za usiku ambazo Waingereza hawakuzitaka. Viwanda vilipoanza kufungwa akaweka akiba yake katika duka. Siku ya kwanza nilipoingia kununua wembe, nilimsikia akimwita mwanawe kwa Kiurdu, na ndani ya maneno yale nikalisikia neno duka. Nikamwuliza. Tukaanza kupeana maneno juu ya kaunta kama watoto wanaobadilishana gololi: duka, sabuni, chai, hesabu. Alifurahi akakataa fedha ya wembe. Mama mwenye nyumba alinunua kwake kila siku ingawa vitu vya duka kubwa vilikuwa na bei nafuu zaidi. Nilipomwuliza sababu alijibu kwamba kule wasichana wa keshia hawainui macho, lakini huyu anajua kuwa yeye hupenda chai ya rangi gani. Wapo waliomlaumu pale mtaani kwa kununua kwa mgeni. Aliwajibu nini sikujua. Yamkini aliwajibu kwa midomo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa usiku wa Krismasi. Nilikuwa nimemwelezea hali ya nyumbani: foleni za sukari na sabuni, mgao unaopitia kwa balozi wa nyumba kumi, watu wanaolala mlangoni pa duka. Nilieleza kwa tahadhari, kwa kuwa mtu hapendi kuianika nchi yake mbele ya mgeni. Lakini yeye hakushangaa. Akainuka akaleta kijitabu cha rangi ya kahawia, kuukuu, chenye kuponi. Uingereza nayo ilikuwa na mgao tangu Januari 1940 hadi Julai 1954. Kila nyumba ilijiandikisha katika duka moja, na kuponi zilikatwa kwa mkasi. Kwa mtu mmoja kwa juma: chai wakia mbili, sukari wakia nane, siagi wakia mbili. Wakia mbili za siagi, ndugu msomaji, hazizidi kiasi unachoweza kukikunja ndani ya ngumi.

Mwaka 1942, akiwa msichana wa miaka 16, aliajiriwa kaunta ya siagi katika tawi moja la mtaani. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Katika kukata siagi kwa waya hubaki vipande vidogo, na sharti lilikuwa virudishwe kwenye pipa. Yeye alivikwangua akavifunga katika karatasi akaenda navyo nyumbani. Juma la kwanza kidogo, majuma yaliyofuata zaidi ya kidogo. Hakuna aliyegundua. Kisha Jumamosi moja, karibu ya kufunga, akaja mke wa askari aliyekuwa vitani na watoto wake wawili. Pipa likafika mwisho kabla ya mgao wake kutimia. Mkuu wa kaunta, mtu mzima mwenye miwani, akalitazama pipa, akaitazama mizani, akadhani kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea hesabu. Akaenda kwenye rafu ya nyuma, akachukua kifurushi cha mgao wake mwenyewe, akakifungua, akakata, akaujaza ule upungufu. Akamwomba radhi yule mama kwa kumchelewesha.

"Nami nilikuwa na siagi yake mfukoni mwa aproni," akasema. "Niliihisi ikiyeyuka. Sikusema neno. Alikufa mwaka 1950 nami sijasema."

Alinyamaza. Saa ya ukutani ikaendelea na kazi yake. Nilijua kwamba ilikuwa zamu yangu kusema kitu, na nilikuwa nacho cha kusema. Sikukisema. Nilimwambia kwamba alikuwa mtoto, kwamba alimfanyia mama yake, maneno ambayo mtu huyatoa kama chenji. Kisha nikamtakia usiku mwema nikapanda ngazi.

Nilichokuwa nacho ni hiki. Mwaka 1981, katika duka la kijiji nililokuwa nikilisimamia, iliingia sukari baada ya kukosekana kwa majuma mengi. Ilipangwa kilo moja kwa kaya, kwa orodha. Foleni ilianza alfajiri. Ndugu yangu alikuwa anaoza, nami kabla ya kufungua mlango nilitenga kilo tatu, nikaziweka chini ya magunia matupu. Mchana sukari ilikwisha ikiwa watu watatu bado wamesimama. Wawili waliondoka wakilalamika, na hao sikuwajali. Wa tatu alikuwa mama wa makamo mwenye mtoto mgongoni. Jina lake lilikuwa katika orodha. Nilimwonyesha gunia tupu. Alilitazama, akasema, "Haya, mwanangu," akakikunja kitambaa chake cha kufungia, mara mbili, mara tatu, akakitia kifuani, akaenda. Chai ya arusi ile niliinywa bila sukari, nikasingizia meno.

Niliporudi nyumbani mwaka 1984 nilimtafuta. Haikuwa kazi kubwa, kijiji si mji. Nilimkuta anaanika mahindi. Nikamwamkia, nikazunguka maneno mengi, mwisho nikasema. Alinitazama kwa muda, akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu katika kapu. Kisha akacheka. "Sukari ipi, mwanangu? Siku zile si ilikosekana kila siku!" Akanipa kigoda, akanipa mahindi ya kuchoma. Sikujua kama nimesamehewa au nimefukuzwa.

Mama wa Rochdale tuliandikiana barua kwa miaka mingi. Habari za mahindi yale nilimwandikia, pamoja na habari za sukari, na majibu yake yalikuwa mstari mmoja tu juu ya jambo hilo, kisha ukurasa mzima juu ya hali ya hewa. Alifariki mwaka 2004. Bintiye alinieleza kwamba katika miezi ya mwisho akili ilimpotea, akawasahau watoto wake. Lakini wauguzi walipomwuliza jina aliwatajia namba, tarakimu moja moja, polepole, kama anayesimama mbele ya kaunta ndefu. Wauguzi walidhani ni namba ya simu.

Nilipata nafasi ya kurudi Rochdale mwaka 2017, nikiwa na mvi. Siku hizi hakuna haja ya kutembea kutoka stesheni, reli ya umeme inateremka Drake Street hadi katikati ya mji, ingawa mimi nilitembea. Maduka mengi ya barabara hiyo yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Lakini katikati ya mji palikuwa na jambo la ajabu: mto! Walikuwa wameivunja zege wakaufunua, kazi iliyokamilika mwaka 2016, na chini yake likaonekana daraja la mawe la karne nyingi, ambalo watu walikuwa wakilikanyaga bila kulijua. Karibu na ukumbi wa mji wameweka sanamu ya Gracie Fields. Huko Toad Lane ghala limetengenezwa upya, mapipa yapo, mizani ipo. Kikundi cha wageni kutoka Japani kilikuwa kikipiga picha kwa heshima kubwa. Hakuna hata mmoja wao aliyenong'ona kuuliza kama ndilo.

Nilipanda hadi mtaa ule. Mlango wa nyumba yetu umepakwa rangi nyingine, na dirishani palikuwa na pazia nisilolijua, sikubisha. Duka la kona lipo. Aliyekuwa kaunta ni mwanamume wa makamo, na kwa pua yake nilimtambua kuwa ni yule mtoto aliyekuwa akiitwa kwa Kiurdu. Sikumweleza lolote. Niliomba bamia nusu kilo, ambazo sikuwa na mahali pa kuzipika. Akazimwaga katika mizani ya umeme, akapunguza mbili, akarudisha moja, kisha, bila mimi kumwomba, akaigeuza mizani upande wangu ili nisome.

"Sawa, mpenzi?" akauliza.

Nilikuwa sina miwani. Nikamwambia ni sawa.